Jina Moja, Wenye Mali Wengi

Majalada ya rangi ya chungwa yenye jina la Heinemann yamepita mikononi mwa wanafunzi wa Nairobi, Kampala na Lagos kwa miongo mingi, na wapo wanaodhani hadi leo kwamba jina hilo ni la kampuni moja. Kampuni aliyoianzisha William Heinemann jijini London mwaka 1890 ilishakatwa vipande ikauzwa. Riwaya zilikwenda Random House mwaka 1997, vitabu vya shule vya Uingereza vikafika Pearson mwaka 2007, na huko Marekani jina lilelile lina mwenyewe mwingine. Kumbe katika biashara ya vitabu jina ni kama kibandiko: hubanduliwa hapa kikabandikwa pale. Mali yenyewe ni hakimiliki, pamoja na uwezo wa kuamua mswada upi uende mtamboni. Hilo tawi la Nairobi lililielewa mapema kuliko kampuni mama.

Tukitazame kile kibandiko kilipong'aa zaidi. Mfululizo wa Waandishi wa Afrika ulianza mwaka 1962 kwa riwaya ya Chinua Achebe, ambaye aliuhariri hadi mwaka 1972. Hesabu yake ya kibiashara ilikuwa rahisi: vitabu vya jalada jepesi, bei nafuu, wanunuzi wakubwa wakiwa shule, hasa za Nigeria. Nigeria ilipoishiwa fedha za kigeni mwaka 1982, mhimili ukavunjika. Balaa haikuja peke yake. Mwaka 1983 BTR iliinunua Thomas Tilling, iliyokuwa ikiimiliki Heinemann. Mwaka 1985 ikawa zamu ya Octopus, na mwaka 1987 ya Reed. Wanunuzi hao walifuata mizania, si fasihi ya Kiafrika, na sioni sababu ya kuwalaumu kwa hilo. Lakini vitabu vipya vya mfululizo ule vilipungua mno.

Nairobi mambo yalikwenda vingine. Henry Chakava, aliyeajiriwa kama mhariri mwaka 1972, alikubali kuchapa kwa Kigĩkũyũ riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharabainĩ, mwaka 1980. Kwa lugha isiyokuwa na soko la riwaya, hiyo ilikuwa kamari, na kabla ya mwaka kwisha nakala 15,000 zilikuwa zimechapwa. Chini ya jina la Spear zikatoka hadithi za mapenzi na uhalifu ambazo wasomi walizibeza huku wasomaji wakizigombania, kama ile ya John Kiriamiti ya mwaka 1984. Maamuzi ya aina hii hayafanywi na mtu aliye London akisoma ripoti ya mauzo. Mwaka 1992 Wakenya wakakamilisha ununuzi wa kampuni, wakaliacha jina la Heinemann na kuiita East African Educational Publishers.

Atakayepinga atasema bila mtaji na orodha ya London pasingekuwa na cha kununua. Ni kweli, na Chakava mwenyewe alilelewa kikazi humo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba uhuru huu ni wa kubadilisha bwana tu, kwa kuwa kinachowalisha wachapishaji wa Kenya ni vitabu vya kiada, na tangu mageuzi ya 2017 mnunuzi mkuu wa vitabu hivyo kwa shule za umma ni serikali. Hapo siwezi kubisha sana. Mnunuzi mmoja akichelewesha malipo, kampuni nzima hukohoa. Ila London nayo iliishi kwa fedha za shule, tena za nchi za watu. Kinachotofautiana ni mahali faida inapolala na nani anaamua itumike kuchapa nini. Song of Lawino ya Okot p'Bitek ilitolewa mwaka 1966 na East African Publishing House, kampuni ambayo haipo tena. Leo kitabu hicho kinachapwa Nairobi, na East African Educational Publishers.