Taka za Mgodi na Maji ya Mashine Zetu



Wengi mmeniuliza kwa nini Chama kinasema habari za migodi, wakati sisi wa Rumonge ni watu wa michikichi na samaki. Nitaeleza.

Mwamba wa shaba ukichimbwa, shaba yenyewe ni kidogo. Mwamba husagwa, mahali pengine huoshwa kwa asidi, na kinachobaki ni matope makali. Matope hayo huwekwa katika bwawa lenye kuta za udongo. Shaba huuzwa, bwawa hubaki pale pale, na kulinda ukuta hakumletei mwenye mgodi faranga hata moja. Ndiyo maana ukuta husahauliwa.

Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi nchini Zambia, ukuta wa bwawa la kampuni ya Sino-Metals ulibomoka. Maji ya asidi yalishuka kijito cha Mwambashi mpaka mto Kafue. Samaki walielea wamekufa, mazao ya wakulima yakaungua, mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Serikali ilimwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege, ili kuivunja asidi.

Kafue ni mto, unakwenda. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji mengi huondoka kwa kukaushwa na jua, na jua halichukui uchafu.

Sasa tuje nyumbani. Kiwanda kikitoa tani moja ya mawese, huacha tani 2 au 3 za maji machafu. Si asidi ya mgodi, msiogope bure. Lakini yakimwagwa mtoni huoza, hula hewa iliyo majini, na samaki hukosa pumzi. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye mashine, nasi tulimwaga usiku. Tuliagizwa, tukatii. Asubuhi mama zetu walichota maji chini ya hapo.

Mapatano ya ziwa, yaliyotiwa sahihi Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, yanasema mwenye kuchafua alipe. Kwa maoni yangu huyo ni mwenye mashine, siye aliyeshika ndoo.

Tunadai kila mashine iwe na mashimo ya kutuamisha maji, mbali na mto, na mfanyakazi atakayesema shimo limejaa asifukuzwe. Hilo la pili ndilo gumu. Mkiona shimo linafurika, mwambieni mjumbe wenu siku ile ile, aandike tarehe na saa, naye ndiye atakayekwenda kwa mwajiri.