Injini Isiyo na Haraka: Historia ya Injini ya Ioni, Kutoka Cleveland

Sisi tunaoishi Ohio tunaujua uwanja wa ndege wa Cleveland kwa foleni zake na baridi yake. Wachache wanajua kuwa jirani yake, ng'ambo ya uzio tu, ni kituo cha utafiti cha NASA kiitwacho Glenn, ambacho zamani kilijulikana kwa jina la Lewis. Humo ndimo ilimokulia injini ya ioni. Habari za anga zinazotufikia kwa Kiswahili aghalabu ni za roketi iliyolipuka au za safari ya Mars, kwa hiyo leo nimeona nieleze habari za injini hii ambayo hailipuki wala haingurumi.

Roketi ya kawaida huchoma mafuta, na gesi ya moto inayotoka nyuma huisukuma mbele. Nguvu yote imo ndani ya mafuta yenyewe, ndiyo maana kasi ya gesi hiyo haivuki sana kilomita 4 na nusu kwa sekunde. Injini ya ioni haichomi kitu. Huchukua gesi, mara nyingi zenoni, ikaigonga kwa elektroni hadi atomu zake zipoteze elektroni na kubaki na chaji chanya. Hizo sasa ndizo ioni. Mbele yake kuna nyavu mbili za metali zenye maelfu ya matundu, zilizotiwa umeme wa volti zaidi ya 1,000, nazo huzivuta ioni na kuzirusha nje kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde. Umeme wenyewe hutoka kwenye paneli za sola. Kwa kuwa gesi inatoka kwa kasi kubwa hivyo, inahitajika kidogo sana.

Tatizo ni udhaifu wa msukumo. Injini ya Dawn, chombo cha anga cha NASA, hata ilipofunguliwa hadi mwisho, ilisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa karatasi mbili zilizolazwa kiganjani. Injini kama hiyo haiwezi kujiinua yenyewe kutoka mezani. Angani, hata hivyo, hakuna hewa ya kuizuia. Ikisukuma usiku na mchana kwa miezi, kasi inaongezeka kidogo kidogo hadi kufika mahali ambapo mafuta ya kawaida yangekuwa yameisha zamani.

Wazo ni la kale. Mmarekani Robert Goddard aliligusa katika daftari zake mwaka 1906. Kilichokosekana ni injini ya kuaminika, nayo ilipatikana mwaka 1959 pale Lewis, mikononi mwa mhandisi Harold Kaufman. Wengine wakati huo walikuwa wakipitisha mvuke wa metali ya sesiamu juu ya metali iliyopashwa moto mkali. Kaufman alichagua zebaki: aliigeuza mvuke, akaigonga kwa elektroni, na akatumia sumaku kuzifanya elektroni hizo zizungukezunguke ndani ya injini badala ya kukimbilia ukutani. Ubunifu huo wa sumaku ndio msingi wa injini nyingi za ioni zilizofuata.

Hapo likazuka swali lililowasumbua wanasayansi kuliko mengine yote. Chombo kinachotupa chaji chanya peke yake hubaki na chaji hasi, na ioni zingevutwa kurudi zilikotoka. Msukumo ungekuwa sifuri. Dawa yake ilijulikana: pembeni ya injini kuwekwe kifaa kinachomwaga elektroni kwenye mkondo wa ioni ili chaji zisawazishane. Lakini je, kingefanya kazi angani? Ndani ya matangi ya ombwe ya Cleveland jaribio halikuweza kuthibitisha, maana kuta za tangi zenyewe zilikuwa zikichangia elektroni. Ilibidi kwenda angani kuuliza.

Tarehe 20 Julai 1964, chombo SERT 1 kilirushwa kutoka Wallops, Virginia, kikiwa na injini mbili. Ile ya sesiamu ilipata shoti na haikuwaka. Ile ya Kaufman ilifanya kazi kwa dakika 31. Swali likafungwa siku hiyohiyo.

SERT 2 ya mwaka 1970 ilileta somo chungu zaidi. Injini yake moja ilikwenda saa zaidi ya 3,700, ya pili kama 2,000, kisha zote zikazimika kwa ugonjwa mmoja: ioni huilamba metali ya nyavu polepole, kipande kidogo kikabanduka na kunasa kati ya nyavu mbili, umeme ukapiga shoti.

Baada ya hapo NASA ilisita kwa miongo kadhaa. Kwa maoni yangu woga ulichangia zaidi kuliko fizikia: hakuna msimamizi wa safari ya gharama kubwa aliyetaka kuwa wa kwanza kuitegemea. Warusi hawakungoja. Injini yao ya aina ya Hall, ndugu wa injini ya ioni isiyo na nyavu kabisa, ilirushwa ikiwa kwenye satelaiti ya Meteor mwishoni mwa 1971, na wakaendelea kuzitumia.

NASA ilithubutu mwaka 1998 kwa Deep Space 1, safari iliyoundwa makusudi kujaribu mitambo mipya. Zebaki ilikwishaachwa kwa sababu ya sumu yake, zenoni ikachukua nafasi. Mwezi Novemba injini iliwashwa, ikazimika baada ya dakika 4 na nusu! Ugonjwa uleule wa nyavu ulishukiwa. Wiki mbili baadaye iliwaka tena, na hadi safari inaisha mwaka 2001 ilikuwa imesukuma kwa saa zaidi ya 16,000. Dawn ikafuata mwaka 2007: ilizunguka asteroidi Vesta, ikaondoka, ikaenda kuzunguka sayari kibete Ceres, jambo ambalo hakuna chombo kingine kilichowahi kulifanya kwa magimba mawili ya mbali namna hiyo.

Wajapani nao wana kisa chao. Chombo chao Hayabusa kilikuwa kikirudi na vumbi la asteroidi Itokawa wakati injini zake zilipokufa moja baada ya nyingine. Wahandisi wakaunganisha kifaa cha elektroni cha injini moja na sehemu nzima ya injini nyingine, kwa kupitia diodi waliyoiweka tangu mwanzo kwa tahadhari tu. Chombo kikafika Australia Juni 2010.

Leo injini za aina ya Hall zimejaa juu ya vichwa vyetu. Satelaiti za Starlink, zinazouza intaneti Rwanda na Kenya tangu 2023, hujiinua na kukwepana kwa injini hizo. Zenoni ni ghali, kwa hiyo satelaiti hizo zilianza na kriptoni, kisha zikahamia argoni, gesi ambayo mafundi wa kuchomelea wanaijua vizuri.

Kama una kijana anayesoma fizikia au uhandisi, mwelekeze kwenye maktaba ya ripoti za kiufundi ya NASA mtandaoni. Ripoti za Kaufman na wenzake zimo humo, na kuzisoma ni bure.