Ulikuwa Wapi Siku Mwalimu Alipofariki?

Muulize mtu yeyote wa Songea aliyekuwa ameshapata akili mwaka 1999 alikuwa wapi aliposikia kwamba Mwalimu Nyerere amefariki. Hatajikuna kichwa. Atakutajia kama alikuwa Soko Kuu, darasani, shambani au kwenye basi la Mbinga. Atakuambia ni nani aliyempa habari, redio ilikuwa imewekwa wapi, na mama mwenye nyumba alikuwa ameshika nini mkononi. Muulize alifanya nini Alhamisi ya wiki iliyotangulia, hana jibu.

Kumbukumbu ya namna hii ina nguvu, na mwenye nayo yuko tayari kuiapia. Lakini wataalamu wa saikolojia wameichunguza kwa miongo kadhaa na kugundua kwamba mtu anaweza kuapa kwa moyo mweupe kabisa na bado akawa amekosea. Kwa mkoa wa Ruvuma, ambao sehemu kubwa ya historia yake imekaa vichwani mwa wazee, jambo hili linatuhusu sana.

Kwa nini siku moja inabaki

Habari nzito inapotufikia ghafla, mwili humwaga homoni za mshtuko, adrenalini ikiwamo. Ndani ya ubongo, amigdala, sehemu ndogo inayoshughulika na hisia, huamka na kuihimiza hipokampasi iliyo jirani yake, ambayo kazi yake ni kuhifadhi matukio mapya. Tukio lililoambatana na mshtuko hupewa uzito, na siku ya kawaida hupotea. Baada ya hapo tunasimulia: jioni hiyohiyo kwa majirani, kesho yake kazini, miaka baadaye kwa watoto. Kila tunaposimulia tunaikaza kumbukumbu, na papo hapo tunaifungulia mlango wa kubadilika.

Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani Roger Brown na James Kulik walichapisha matokeo ya kuwahoji watu 80, nusu Weusi na nusu Weupe, kuhusu vifo vya watu mashuhuri. Karibu wote waliweza kueleza walikuwa wapi Rais John Kennedy alipouawa mwaka 1963. Kwa kifo cha Martin Luther King, mwaka 1968, waliokumbuka kwa kina walikuwa wengi zaidi upande wa Weusi. Kwa hiyo ukubwa wa tukio hautoshi. Linalobaki zaidi ni lile linalomgusa mtu mwenyewe.

Huku kwetu mfano mzuri ni kifo cha Samora Machel, Rais wa Msumbiji, aliyefariki kwa ajali ya ndege huko Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986. Ruvuma inapakana na Msumbiji, na wakati wa vita vya ukombozi ilipokea wakimbizi katika makazi kama Muhukuru na Lundo. Mzee aliyeishi jirani na watu hao, aliyegawana nao chumvi na kuoleana nao, ana sababu ya kuikumbuka siku hiyo ambayo mwenzake wa Mwanza huenda hana.

Mwanafunzi na karatasi yake

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote 7 waliokuwamo wakafariki. Kesho yake asubuhi Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory, mjini Atlanta, fomu ya kujaza: ulisikiaje, ulikuwa wapi, na nani, ukifanya nini. Miaka miwili na nusu baadaye waliwapata 44 kati yao na kuwauliza maswali yaleyale.

Mmoja alikuwa ameandika, siku ile ya pili, kwamba alikuwa kwenye kipindi cha dini watu walipoingia wakizungumzia ajali hiyo, na kwamba baada ya kipindi ndipo alipokwenda chumbani kutazama televisheni. Alipoulizwa mara ya pili alieleza kwamba alikuwa amekaa bwenini na mwenzake wakitazama televisheni, taarifa ikakatiza kipindi, na wote wawili wakapigwa na butwaa. Darasa lilikuwa limetoweka. Kumbuka kwamba televisheni kweli aliitazama siku ile. Kumbukumbu ilichukua kipande cha pili cha siku na kukifanya cha kwanza.

Wastani wa majibu sahihi ulikuwa takribani 3 kati ya 7. Robo ya wanafunzi walikosea kila kitu, na wengi wao walikuwa na hakika kubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, zenye mwandiko wao, kumbukumbu ya awali haikurudi. Wapo walioshikilia ile mpya.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani, Jennifer Talarico na David Rubin waliwataka wanafunzi 54 waeleze waliposikia habari hizo, pamoja na tukio lolote la kawaida la siku za karibuni. Kadiri wiki zilivyopita, kumbukumbu zote mbili zilipoteza usahihi kwa mwendo uleule. Tofauti ilikuwa kwenye imani: ile ya kawaida ilififia hata kwa mwenyewe, ile ya shambulio iliendelea kung'aa na kuaminiwa. William Hirst na wenzake waliwafuatilia watu waliokumbuka siku hiyohiyo kwa miaka 10, wakaona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mwaka wa kwanza. Baada ya hapo simulizi hutulia, na kosa lililoingia mapema hurudiwa vilevile mwaka hadi mwaka. Makosa kuhusu tukio lenyewe husahihishwa na vyombo vya habari; makosa kuhusu ulikokuwa hayana wa kuyasahihisha.

Kupima simulizi Songea

Hapa nyumbani kuna jambo jingine linalochanganya. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro, na Mwalimu ndiye aliyelitangazia taifa. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu alifariki katika Hospitali ya St Thomas, London, na Rais Benjamin Mkapa akatangaza. Mkapa alipofariki Julai 2020, aliyetangaza ni Rais John Magufuli. Na usiku wa tarehe 17 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akatangaza kifo cha Magufuli. Matangazo manne yanayofanana: kipindi kinakatizwa, sauti nzito ya kiongozi, bendera nusu mlingoti. Ni rahisi kipande cha msiba mmoja kuhamia kwenye mwingine.

Bahati nzuri ipo mizani ya kupimia. Ya kwanza ni kalenda. Tarehe 12 Aprili 1984 ilikuwa Alhamisi, na tarehe 14 Oktoba 1999 nayo ilikuwa Alhamisi. Anayesema alisikia tangazo akitoka misa ya Jumapili huenda anakumbuka misa ya kumwombea marehemu, iliyokuja baadaye.

Ya pili ni msimu. Songea ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Katikati ya Aprili mahindi yangali shambani; katikati ya Oktoba vumbi limetanda na watu wanaandaa mashamba. Mtu akisema walikuwa wakivuna mahindi Mwalimu alipofariki, muulize zaidi. Neisser mwenyewe alikumbuka kwa miaka mingi kwamba alikuwa akisikiliza mchezo wa besiboli redioni siku Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, mpaka alipotanabahi kwamba besiboli haichezwi Desemba. Watafiti wengine walionyesha baadaye kwamba siku hiyo kulikuwa na mchezo wa futiboli ya Kimarekani kati ya timu zenye majina yaleyale ya timu za besiboli. Kiini kilikuwa kweli. Kilichobadilika ni aina ya mchezo.

Ya tatu ni chombo cha habari. Mwaka 1984 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Vituo vya kwanza vilianza katikati ya miaka ya 1990. Habari ya Sokoine ilifika Songea kwa Redio Tanzania Dar es Salaam, kwenye redio za betri, na betri zenyewe mara nyingi zilikuwa zimeanikwa juani ili zitoe nguvu ya mwisho. Anayesema alimwona Mwalimu akitangaza hadanganyi: huenda ameona picha yake mara nyingi miaka ya karibuni, nayo imejipachika kwenye siku yenyewe.

Haya yote hayana maana kwamba wazee wasiaminiwe. Mwaka 2005 Dorthe Berntsen na Dorthe Thomsen walichapisha utafiti uliowahoji wazee wa Denmark kuhusu siku nchi yao ilipovamiwa na Ujerumani mwaka 1940 na siku ilipokombolewa mwaka 1945. Majibu yao kuhusu hali ya hewa na siku ya wiki yalilinganishwa na kumbukumbu za maandishi, na baada ya zaidi ya nusu karne wengi walikuwa sahihi kuliko vijana waliotakiwa kukisia.

Songea inajua thamani ya masimulizi hayo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa mashujaa 67 wa Vita vya Majimaji. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya ushahidi wa wazee. Aliyekuwa na miaka 12 vita vilipoanza alikuwa ametimiza 75. Nguvu ya kazi ile ilikuwa kulinganisha: mzee huyu na yule, kijiji hiki na kile. Na Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 kuomba msamaha, alikutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, mmoja wa mashujaa walionyongwa, ambacho hakijaacha kudai kichwa cha babu yao kinachosemekana kupelekwa Ujerumani.

Kwa hiyo tufanye kazi hii majumbani. Aliyekuwa na miaka 20 Sokoine alipofariki sasa amevuka 60. Mhoji babu peke yake, na bibi peke yake, kabla hawajakaa pamoja na kupatana. Mwache asimulie mpaka amalize, ndipo uulize habari za siku, msimu na redio. Usimtajie jibu, wala usimwambie amekosea. Andika jina lake, tarehe uliyomhoji na maneno yake kama alivyoyasema. Wewe nawe, likitokea jambo kubwa, andika usiku uleule. Masimulizi yakipishana usiyalainishe yawe moja: mawili yanayotofautiana, kila moja na mwenyewe na tarehe yake, yana faida zaidi kwa historia kuliko moja ambalo familia nzima imekubaliana kulisema.