Kisu ya Springi

Saa moja jioni, chini ya Aberdare. Mvua ilikuwa imenyesha mchana mzima na mbogi yote inatetemeka. Kuni tulikuwa tumenunua kwa mathe mmoja karibu na geti, magogo ya mtarakwa yenye yamenona, na mimi ndio nilikuwa nimesema nitapasua. Si nilikuwa na khukuri? Nikaichomoa, ile kisu ya Nepal yenye imepinda ikaangalia chini, nikainua, nikashusha. Mara ya kwanza ikadunda. Mara ya pili makali yakajikunja kama mfuniko ya sufuria. Mara ya tatu mpini ikapasuka, chuma ikaruka, ikadunga matope hapo tu karibu na mguu ya dem wa beshte yangu.

Hakuna msee alibonga. Yeye mwenyewe aliangalia hiyo kisu, akaangalia mguu, akarudi kwa hema.

Nilikuwa nimeinunua tao, ngiri mbili na soo tano. Ilikuwa inang'aa kama kioo, ala yake ina simba ya shaba, na muuzaji aliniapia ni ya makomando. Niliamini juu ya hiyo kung'aa. Hiyo usiku sikulala poa, na ndio maana nabonga na wewe leo: kisu mbaya haikuli tu ganji, inaweza kula mtu.

Msee wa Bhojpur

Bro yangu mkubwa wakati huo alikuwa mlinzi Doha. Kwa chumba yao walikuwa wasee sita, wawili Wakenya, wanne wa Nepal, na mmoja wa hao wanne ametoka Bhojpur, hizo milima za mashariki mwa Nepal zenye jina lake na khukuri ni kama jina la Kisii na mawe ya sabuni. Babake ni mhunzi. Nikamtumia bro picha ya ile yangu imevunjika, akamwonyesha. Jamaa akanirudishia sauti kwa simu, ananiita bhai, yaani mdogo wangu, na akauliza swali moja tu: "Bhai, kwa mgongo iko nene kiasi gani?"

Nikapima. Milimita tatu.

Akaniambia hiyo ni pambo ya ukuta. Khukuri ya kazi mgongo wake mara nyingi inacheza milimita nane mpaka kumi, na zingine zinapita hapo. Kuanzia hiyo siku, kila wikendi akiwa hana zamu, alikuwa ananifunza. Vitu nyingi nitakushow hapa nilivijua kwa mdomo yake.

Birika na moto

Khukuri ya ukweli inaanzanga na lori mzee. Zile bamba za springi zenye hulala chini ya gari kubeba mzigo, hiyo ndio chuma wahunzi wa Nepal wanapenda. Ni chuma imetengenezwa ipinde na irudi, miaka na miaka, bila kuvunjika. Wanakata kipande, wanaitia kwa moto ya makaa, inakuwa nyekundu. Mmoja anaishika kwa koleo, wengine wanaichapa nyundo kwa zamu, mpaka ile bamba inaanza kushuka mabega. Karakana yenyewe wanaiita aran.

Halafu inakuja sehemu jamaa alinieleza mara tatu juu sikuwa naamini: birika. Ile tu ya chai. Kisu ikiwa bado nyekundu, mhunzi haizamishi yote kwa maji. Anachukua birika anamwagilia makali pekee, mos mos, hasa pale kwa tumbo penye kisu itafanya kazi ngumu. Makali yanapoa ghafla yanakuwa magumu. Mgongo unabaki na moto wake, unapoa pole pole, unabaki laini. Hiyo joto ya mgongo inarudi tena kwa makali, inayapunguza ule ugumu wa kuvunjika kama glasi. Mwisho wa siku, chuma ni moja lakini ina tabia mbili: huku inashika ukali, huku inameza kishindo. Yangu ya simba ya shaba ilikuwa bati moja nyembamba, ile ile mbele na nyuma, ndio maana ilisalimu amri kwa pigo ya tatu.

Na hiyo kupinda si urembo. Uzito wote umesukumwa mbele, kwa hivyo ukishusha, kisu ndio inafanya kazi, mkono unaielekeza tu. Tumbo lake linapasua kama shoka ndogo. Karibu na mpini, penye ni nyembamba, unachonga kijiti au unakata kitunguu. Pale chini kabisa kuna kapengo kadogo kanaitwa cho. Wengine wanakuambia ni mkuki wa Shiva wenye ncha tatu, wengine ni kwato ya ng'ombe, na wengine wanasema kazi yake ni kuzuia maji ya mti yasitiririke mpaka kwa mkono.

Kwa ala ukichungulia utapata visu viwili vidogo. Karda ni ya kazi ndogo ndogo. Chakmak haina makali kabisa: unaitumia kunyoosha makali ya kisu kubwa, na zamani walikuwa wanagonganisha nayo jiwe kuwasha moto.

Stori ya damu

Utaskia wasee wakisema khukuri ikitoka kwa ala lazima ionje damu. Hiyo ni hekaya. Nepal, khukuri inakata majani ya mbuzi, inachinja, inapasua kuni, inamenya viazi. Ingekuwa inadai damu kila saa, hakuna mathe huko angekuwa na vidole.

Umaarufu wa vita umetoka kwa Gurkha, wale wanajeshi wa Nepal. Waingereza walipigana na Nepal 1814 mpaka 1816, wakaona moto, na hata kabla hiyo vita iishe wakaanza kuwaandika kwa jeshi yao. Na hapo kuna kitu yetu pia. Nairobi ukisema Burma, kila mtu anafikiria ile soko ya nyama. Kuna ile Burma yenyewe, ya 1944, penye vijana wa KAR (King's African Rifles) kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walitembea kwa tope ya bonde la Kabaw mpaka Kalewa, wakiwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walikuwa kwa jeshi moja na Gurkha, Jeshi la 14 chini ya Jenerali Slim. Panga na khukuri zilifyeka msitu moja.

Cheki hizi kabla utoe doo

Kwanza mgongo. Shika, pima. Ikiwa nyembamba kama panga ya bei rahisi na inaitwa khukuri, rudisha.

Pili tupa, ile ya kunolea. Kama muuzaji anakubali, ipitishe kidogo kwa makali pale tumboni: inafaa iteleze, isiume. Ipitishe kwa mgongo: inafaa iume. Tupa ikiuma kote sawa, au ikiteleza kote sawa, hakuna birika ilipita hapo.

Tatu mpini. Kuna zenye mkia wa chuma unaingia ndani ya mbao na kushikwa na gundi ya asili inaitwa laha. Hiyo ndio njia ya kitambo na iko fiti, na ikilegea inaweza kupashwa moto ikakazwa tena. Kuna zingine chuma imepita mpini yote ukiiona pande zote mbili na ina ribiti, wanaiita panawal. Kama wewe ni wa kupasua magogo, dai panawal. Tikisa. Ikicheza hata kidogo, wachana nayo.

Nne umbo. Sirupate ni ile nyembamba ndefu, imepewa jina la jani la nyasi ya siru; ni nyepesi, poa kwa vichaka. Bhojpure ina tumbo pana na uzito, hiyo ndio ya kuni. Kwa msee wa kupanda mlima, makali ya sentimita 25 hivi yanatosha. Ndefu zaidi ya hapo utakuwa unabeba sifa kwa mgongo.

Tano, usiogope alama za nyundo. Kisu ya mkono haifanani na nduguye. Ogopa ufa, hata kama ni kama unywele, hasa kwa makali.

Mikono yenye ilidharauliwa

Sasa hii ndio iliniingia sana. Nilimuuliza msee wa Bhojpur kwani babake ni tajiri, juu khukuri iko hadi kwa nembo za jeshi. Akanyamaza kwanza. Wahunzi wa Nepal wanaitwa Kami, na kwa miaka mingi walihesabiwa watu wa chini kabisa. Mtu angeshika kisu walitengeneza, aining'inize kiunoni kwa fahari, na akatae maji kutoka kwa mkono ule ule. Sheria ya 1963 iliondoa huo ubaguzi kwa karatasi, ikabidi 2011 waandike ingine ya kuuadhibu. Wengi wao siku hizi wanabeba jina Bishwakarma, mungu fundi, na wakati wa sikukuu ya Dashain watu wengi huko wanaweka zana, visu na hata magari kwa ibada.

Usidhani hiyo ni mambo ya mbali. Kwa Wamaasai, Ilkunono ndio walikuwa wanafua mikuki na sime za wamorani, na wamorani hao hao hawangeoa kwao. Chuma tunaipenda. Mwenye kuichapa tunamruka.

Kwa hivyo nikinunua ya pili niliuliza swali moja juu ya hizo tano: nani ameifua, na analipwa? Nilipata karakana inauza yenyewe, ikanitumia picha ya aran na wenye wanafanya kazi ndani. Kabla niagize nikauliza watu wa forodha kwanza, nikalipa ushuru, ikafika. Yote ilinigharimu karibu mara nne ya ile ya simba. Ni miaka tatu sasa, na bado inapasua.

Ikifika kwako

Ukiichomoa, shika ala upande wa mgongo. Vidole visizunguke upande wa makali, juu kisu inaweza kupita kwa mshono wa ngozi. Ukimaliza, ifute, ipake mafuta. Hii chuma inapata kutu haraka, na ala yenye imenyeshewa ikauke kwanza kabla uirudishe ndani. Kwa mathree ifunge chini ya begi, isikae kiunoni. Karao akikushika nayo usiku tao, stori ya kambi haitakuokoa. Kwa ndege inaingia kwa mzigo wa chini. Na msituni usiguse mti umesimama. Nunua kuni.

Juzi nilipoteza karda yangu mlimani. Nikaenda Kamukunji, penye nyundo hazinyamazi, kwa mzee mmoja anafuanga patasi na majembe. Nikamwekea khukuri mkononi. Hakuuliza inatoka wapi. Aliigonga na kucha, akaskiza, akapitisha kidole gumba kwa mgongo.

"Hii ni springi," akasema. "Na aliyeipiga anajua moto. Ni kijana wa nani?"

Nikamweleza: Nepal, birika, Kami, yote. Alikuwa anaskiza akichagua kipande kwa rundo yake ya springi za mathree. Baada ya saa mbili karda ilikuwa tayari, imeingia kwa ala kama ilizaliwa hapo. Aliniambia soo nane.

Mimi ni mtoto wa Gikomba, hata bei ya kiatu sikubali bila kuivuta. Hiyo siku nilihesabu nane, nikampa kwa mikono miwili, nikamuuliza jina lake.

"Asante, mzee."

"Irudishe ikichoka," akasema.