Kiswahili Ndani ya Chombo cha Angani: Luteni Uhura na Mwanafunzi wa Iyula

1.0 Utangulizi

Tarehe 8 Septemba 1966, televisheni ya NBC nchini Marekani ilianza kuonyesha Star Trek, tamthilia ya bunilizi ya kisayansi inayohusu wafanyakazi wa chombo cha angani kiitwacho Enterprise. Miongoni mwa wahusika wake alikuwamo Luteni Uhura, afisa mawasiliano mwenye asili ya Afrika, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Mhusika huyu ana jina lililotokana na Kiswahili, na katika baadhi ya sehemu za tamthilia hiyo anazungumza Kiswahili. Mhadhara huu unachunguza kazi iliyopewa lugha hiyo ndani ya Enterprise, kisha unailinganisha na kazi ya Kiswahili katika kata ya Iyula, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Hoja kuu ni kwamba watunzi walikifanya Kiswahili kuwa lugha ya nyumbani na ya moyo, ilhali katika maeneo mengi ya Tanzania kazi yake kubwa ni ile ile aliyoajiriwa Uhura kuifanya: kuwaunganisha watu wasiozaliwa na lugha moja.

2.0 Jina na sarufi yake

Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyochapishwa mwaka 1962, na kwamba jina la mhusika lilitokana na neno hilo. Wakati huo neno lenyewe lilikuwa limevuma duniani. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963.

Kisarufi, shina huru lina asili ya Kiarabu. Kiambishi u- hulifanya kuwa nomino dhahania, kama ilivyo katika utu na uzuri. Irabu ya mwisho ni sehemu ya shina, wala si kiambishi kinachoweza kubadilishwa. Hata hivyo, watunzi waliigeuza kuwa -a ili jina lilainike. Mabadiliko hayo yanafuata mazoea ya lugha kadhaa za Ulaya, ambamo -a mwishoni huashiria jina la kike. Kiswahili hakina ngeli za jinsia, kwa hiyo msikilizaji wa Mbozi au wa Mombasa hapati maana yoyote mpya katika irabu hiyo. Aidha, jina la kwanza la Uhura, yaani Nyota, lilipendekezwa kitabuni mwaka 1982 na likatamkwa katika filamu ya mwaka 2009. Wanaolifasiri jina zima kuwa “nyota ya uhuru” huongeza a-unganifu isiyokuwamo.

3.0 Kiswahili katika sehemu mbili

Katika “The Man Trap”, sehemu iliyofungua tamthilia, kuna kiumbe kinachoua watu ili kupata chumvi ya miili yao. Kiumbe hicho hujigeuza na kuwa mtu anayetamaniwa na yule anayekitazama. Kinapomkuta Uhura mpweke, kinachukua sura ya mwanamume Mwafrika na kumsemesha kwa Kiswahili. Lugha hapa ni chambo, na chambo hicho kina nguvu kwa sababu hakuna mwingine anayemsemesha Uhura kwa lugha hiyo chomboni.

Katika “The Changeling”, iliyoonyeshwa tarehe 29 Septemba 1967, mashine iitwayo Nomad inafuta kumbukumbu za Uhura. Muuguzi Chapel anamfundisha upya kusoma Kiingereza, na anapokwama, Uhura anasema Kiswahili. Dhana ya watunzi iko wazi: lugha ya kwanza imelala chini kabisa, mahali ambapo hata mashine haikufika.

Sehemu hizi mbili zinalingana katika jambo moja. Kiswahili kinasikika Uhura anapokuwa mpweke au anapolemewa. Anaporudi kwenye mitambo yake, anapokea na kutuma ujumbe kwa Kiingereza. Kwa mantiki hiyo, tamthilia ilikiheshimu Kiswahili kwa kukipeleka angani, lakini haikukipa kazi.

4.0 Mtazamo kutoka Iyula

Mgawanyo huo wa kazi haulingani na hali ya Iyula. Katika kaya nyingi za huko, lugha ya mama na bibi ni Kinyiha. Mtoto hukutana na Kiswahili kwa upana zaidi shuleni, ofisini na sokoni. Akisafiri hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, atawakuta Wanyamwanga, Wandali, Wasafwa, Wanyakyusa na madereva wa barabara kuu ya Zambia. Kiswahili ndicho kinachomwezesha kununua, kuuza, kudai haki na kuuliza njia. Kwa mtoto huyo, lugha ambayo Nomad isingeweza kuifuta ni Kinyiha. Kiswahili ndiyo mitambo ya mawasiliano.

Hata hivyo, mgawanyo wa Enterprise unajitokeza mahali pengine. Mwanafunzi huyo husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma. Anapoingia sekondari, sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili hubaki kuwa somo pamoja na lugha ya maongezi nje ya darasa. Mwanafunzi aliyeelewa vizuri jambo fulani mwaka uliotangulia anaweza kunyamaza, si kwa kukosa fikra, bali kwa kukosa maneno yanayokubalika darasani.

Haiwezi kudaiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Wilayani Mbozi kwenyewe, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kuna jiwe la chuma lililotoka angani, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, na ambalo wanasayansi walilifahamu mwaka 1930. Wenyeji na wageni huliita Kimondo, na neno hilo moja linatosha kwa mwanga unaopita angani na kwa jiwe lililotua.

5.0 Hitimisho

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru, bila kubadilishwa irabu, na orodha yake ya mwisho ilifikisha vyanzo 339 vya eksirei. Kwa hiyo neno la Kiswahili limekwisha kufika angani, katika tamthilia na katika sayansi pia. Lakini neno kutumika kama jina ni jambo moja, na lugha kutumika kufikiria, kupima na kueleza ni jambo jingine. Kipimo cha hadhi ya Kiswahili kitakuwa pale ambapo mwanafunzi wa Iyula, akisimama mbele ya Kimondo, ataruhusiwa kueleza kwa Kiswahili, darasani na katika mtihani wa sekondari, jiwe hilo ni nini na lilitoka wapi.