Mzee Ojwang': Mkikuyu Mwenye Lafudhi ya Kijaluo

Katika Kamere, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha, ambako Mjaluo na Mkikuyu, Mluhya na Mkisii, hupanga vyumba vilivyopakana ukuta kwa ukuta, jina la Mzee Ojwang' halihitaji maelezo kwa watu wa makamo. Hakika yake aliitwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu. Lakini kwa takriban miaka thelathini, tangu zama za shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya hata baada ya shirika hilo kugeuzwa KBC mwaka 1989, alinena Kiswahili katika vipindi vya televisheni vya Vitimbi na Vioja Mahakamani kwa lafudhi ya Kijaluo, tena kwa ustadi uliowafanya watazamaji wengi wasadiki kuwa asili yake ni Nyanza, kama walivyosadiki kwamba mwigizaji mwenzake Mama Kayai, yaani Mary Khavere, alikuwa mkewe wa halali.

Kuigiza usemi wa kabila jingine aghalabu huzaa dharau. Yeye alisalimika kwa sababu Ojwang' wake alikuwa baba mkali, mbishi, mwenye hofu zake za siri, ambaye kila kabila linaye nyumbani. Na mwenye kukumbuka fitina ya baada ya uchaguzi ya Januari 2008, Wajaluo walipouawa na kufukuzwa Naivasha, ataithamini kazi hiyo maradufu.

Umashuhuri haukumpa ukwasi. Macho yalipomsumbua uzeeni, wananchi walimchangia fedha za matibabu. Alifariki Nairobi, tarehe 12 Julai 2015.