Homa ya Mazwi, homa ya Muze

Mtu akianza kutetemeka Mazwi, huku Sumbawanga juu kwenye baridi, usiku wa Julai, nyumbani huongezewa blanketi kwanza. Homa ikipanda, neno linalotangulia ni malaria. Neno hilo limetuponza. Moshi, mwaka 2007 na 2008, watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu walikuwa wameambiwa wana malaria. Waliokutwa nayo kweli hawakufika 2 katika kila 100. Wagonjwa 85 walikuwa na bakteria kwenye damu, ugonjwa unaoweza kuua ndani ya saa chache.

Bakteria hao hujulikana kwa kuotesha damu, na jibu huchukua siku 1 hadi 5. Aliyekwisha kumeza antibayotiki za duka la dawa, chupa ya damu yake huenda isioteshe kitu. Ndipo vinapoingia vipimo viwili vinavyosoma jinsi mwili ulivyoshtuka. CRP, protini ya ini, ilitambuliwa 1930. Prokalsitonini ilihusishwa na maambukizi ya bakteria mwaka 1993. Hupanda ndani ya saa chache, na dawa ikishika hushuka karibu nusu kila siku, hivyo daktari hujua lini aache sindano.

Dar es Salaam, kati ya 2014 na 2016, vipimo hivyo vilitumika pamoja na mwongozo wa kielektroniki kwa watoto wenye homa. Walioandikiwa antibayotiki walikuwa takriban 11 katika 100, dhidi ya 30 kwenye kundi la kulinganisha, na waliopona hawakupungua. Kwangu hilo ni jambo kubwa, kwa jinsi dawa zetu zinavyozidi kushindwa na bakteria sugu.

Ila malaria nayo hupandisha vipimo vyote viwili. Mtoto wa Muze, bondeni chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kwenye joto na mbu, akiwa na malaria na prokalsitonini ya juu, namba hiyo haituambii kama bakteria wapo. Malaria ikiwa kali, apewe antibayotiki pamoja na dawa ya malaria. Mtoto wa Mazwi asiye na malaria, ambaye hajashuka bondeni, namba ileile ni ya kumkimbiza wodini. Kwa hiyo kabla ya kusoma karatasi ya maabara, namuuliza mama: wiki mbili hizi mlikuwa wapi?

Na kichanga asiyenyonya asirudishwe nyumbani kwa sababu namba ni ndogo. Huenda damu imechukuliwa mapema mno, mwili wake ukiwa bado haujaanza kujibu.